Multimita Mbili za Luthuli na Soketi Moja ya Jikoni

Ncha ya kijiti chekundu cha multimita yangu ya kwanza, kifaa cha kupimia umeme, haina makali tena. Iliyeyuka ikawa kishanga cha shaba kisichozidi punje ya wimbi, na plastiki inayoishikilia imebaki na doa jeusi ambalo halitoki hata kwa spiriti. Kijiti hicho ndicho kilichonipeleka kununua multimita ya pili, na ndicho kinachonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu wengi wetu hapa Nairobi tunaonunua kifaa hiki kwa ajili ya soketi na taa za nyumbani huuliza swali lisilofaa tukiwa mbele ya kaunta. Tunauliza kinapima vitu vingapi. Mimi pia niliuliza hivyo.

Multimita hiyo ya kwanza niliinunua barabara ya Luthuli kwa shilingi 450. Mzoefu wa Luthuli anaifahamu bila kuonyeshwa: ni ya manjano, ni nyepesi kama kasha tupu la sabuni, ina kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati na matundu matatu yaliyopangana upande wa kulia, na usoni imeandikwa DT830B. Jina hilo halimilikiwi na kampuni moja. Ni jina la umbo linalotolewa na viwanda vingi, kila kimoja kwa kiasi chake cha uangalifu, na kwa hiyo mita mbili zilizolala katika katoni moja zinaweza kufanana nje na kutofautiana ndani. Muuzaji alitia betri ya volti 9, akavidumbukiza vijiti katika ekstensheni iliyokuwa juu ya meza, kioo kikaandika 238, naye akanitazama kama wakili aliyemaliza kutoa ushahidi. Sikuwa na la kuuliza zaidi, nikalipa.

Haki yake nitaipa kabla ya kuilaumu. Kwa volti inasoma vizuri kuliko bei yake inavyoashiria; nilipoilinganisha baadaye na mita ghali, tofauti katika volti 240 haikuzidi volti tatu. Kwa betri, kwa taa za gari, kwa redio iliyokufa na kwa chaja za simu inafanya kazi yote ambayo mtu wa kawaida anaihitaji. Iko kwenye mikoba ya mafundi kuanzia Nyamakima hadi Kayole, na sidhani kuna kifaa kingine cha bei hiyo kilichowafundisha vijana wengi namna hiyo maana ya volti na omu.

Kasoro yake ya kwanza kwa umeme wa nyumbani ni ndogo kwa sura lakini inatisha ukiifikiria. Mita hii haichagui kipimo yenyewe, unaichagulia. Kwa mkondo geu, yaani umeme wa ukutani unaoonyeshwa kwa alama ya wimbi, ina nafasi mbili tu, 200 na 750. Mtu akiiweka kwenye 200 kisha akagusa volti 240, kioo kinaonyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba kipimo kimezidiwa. Mgeni wa kifaa hiki anaisoma kuwa ni volti moja, anaamini kwamba waya umekufa, anaushika. Mpwa wangu, ambaye ana akili timamu na yuko kidato cha tatu, aliisoma hivyo hivyo nilipomjaribu, na alikuwa ameshanyoosha mkono kabla sijamzuia.

Kasoro ya pili ndiyo iliyoyeyusha kijiti. Nilikuwa nimekwenda nayo Kitui kumpimia mjomba wangu paneli ya sola, nikataka kujua ni ampea ngapi zinazoingia katika betri yake. Kwa kazi hiyo kijiti chekundu hutolewa katika tundu la kati na kupelekwa tundu la juu, lililoandikwa 10A. Kipimo kilikwenda vizuri, tukanywa chai, nikarudi Nairobi na mita mfukoni ikiwa hivyo hivyo. Wiki moja baadaye birika letu la umeme likakataa kuchemsha, nami nikaamua kupima soketi ya jikoni. Nilizungusha kitufe hadi 750 kwenye alama ya wimbi, nikakihakiki mara mbili, nikaridhika kwamba nimefanya kila kitu sawasawa. Tundu la kijiti sikulitazama.

Kilichotokea kilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ulisikika mlio kama wa ubao kupasuka, ukatoka mwanga wa bluu na mweupe kwenye soketi, mkono wangu ukaruka wenyewe, na friji ikanyamaza kwa kuwa breka ya soketi, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ilikuwa imeanguka. Sikupigwa na stima. Nilibaki na kidole kilichobabuka kidogo na harufu ya plastiki iliyoungua ambayo mke wangu aliizungumzia hadi Jumapili.

Sababu yake ni rahisi. Mita inapopima volti, ndani yake mna ukinzani (kizuizi cha umeme, kinachopimwa kwa omu) mkubwa sana, hivyo umeme unaopita humo ni kidogo mno. Inapopima ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, ni lazima umeme wote upite ndani yake, kwa hiyo kati ya tundu la 10A na tundu la COM, lile la kijiti cheusi, kuna kipande cha waya mnene tu, chenye ukinzani wa karibu sehemu moja ya mia ya omu. Kitufe hakihusiki na njia hiyo. Hata ukikiweka kwenye volti, njia iko wazi. Kwa hiyo nilichokifanya ni sawa na kuchukua waya na kuunganisha tundu la moto (linaloleta umeme) na tundu la nyutro (linalourudisha) kwa mkono wangu. Nilipiga shoti, kwa lugha ya mafundi, huku nikiamini kwamba napima.

Niliifungua kwa bisibisi ya nyota ili nione. Ule waya mnene, uliopinda kama kipini cha nywele, ulikuwa mzima kabisa. Mstari wa shaba uliouunganisha na bodi ulikuwa umetoweka, umeacha alama ya kahawia kama njia ya konokono. Na pembeni, katika vishikio vyake viwili, fyuzi ndogo ya kioo ilikuwa inameta, nzima, bila habari, kwa sababu haiko katika njia ya 10A. Jambo hilo wala si siri: usoni, kando ya tundu, kwa herufi ndogo za Kiingereza, mita imeandikwa kwamba upande huo hauna fyuzi. Nilikuwa nimeishi na maandishi hayo miaka miwili.

Hata kama fyuzi hiyo ingekuwa njiani, nisingeisifu. Fyuzi ya kioo ya ukubwa huo imetengenezwa ikate mkondo mdogo. Ikikutana na mkondo wa shoti kubwa, waya wake unageuka mvuke, na mvuke huo wa chuma unaweza kuendelea kupitisha umeme ndani ya kioo hadi kioo chenyewe kipasuke. Mita zilizokusudiwa kwa umeme wa majengo hutumia fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga, na ule mchanga ndio unaouzima moto huo kwa kuyeyuka na kuumeza. Fyuzi moja ya aina hiyo hapa mjini inaweza kugharimu zaidi ya mita nzima ya manjano, na hapo ndipo bei ya shilingi 450 inapoeleweka.

Lililoniokoa ni umbali. Waya za kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi jikoni kwetu zina ukinzani wake, na ukinzani huo ulipunguza mkondo wa shoti hadi kiasi ambacho breka ilikimudu kabla mita haijalipuka mkononi. Kosa lile lile likifanywa kwenye kisanduku chenyewe, hasa katika jengo lililo karibu na transfoma, mkondo unaweza kufikia maelfu ya ampea. Kwa ajili hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 61010 kimegawanya mahali pa kupimia katika madaraja, na daraja huandikwa kando ya matundu ya mita kwa herufi CAT na nambari ya Kirumi. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa katika soketi. CAT III ni kwa nyaya zilizojengewa ukutani pamoja na kisanduku cha breka. CAT IV ni pale umeme unapoingia nyumbani, yaani waya wa kutoka nguzoni na mita ya tokeni, na hapo mwenye nyumba hana kazi yoyote, kwa kuwa ni mali ya Kenya Power na ina lakiri zake.

Watu wengi hudhani kwamba volti 600 zilizoandikwa kwenye mita zinatosha kwa sababu umeme wetu ni 240. Umeme wa ukutani, hata hivyo, haukai 240 wakati wote. Hata ukiwa mtulivu kabisa, kilele cha wimbi lake hufika karibu volti 340, na juu ya hicho huja mishtuko ya muda mfupi mno: radi za Aprili, pampu ya kisima inapozimwa, lifti, mashine za kulehemu. Mtaani kwetu Umoja tuna fundi wa kulehemu mageti chini ya jengo, na taa zetu hucheza kila anapogusisha chuma. Mita ya CAT II ya volti 600 hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 4,000 kupitia ukinzani wa omu 12, ambao hauwezi kutoa zaidi ya ampea 333 hivi. Ya CAT III ya volti hizo hizo hujaribiwa kwa volti 6,000 kupitia omu 2 tu, ambazo zinaweza kutoa ampea 3,000. Mtu akisoma zile 600 peke yake bila ile nambari ya Kirumi, hizo mbili zinaonekana kuwa sawa.

Mita yangu ya manjano imeandikwa CAT II mgongoni. Haina alama ya maabara yoyote huru, kama vile UL, CSA au TÜV, na maandishi ya kiwanda kuhusu kiwanda chenyewe nimejifunza kuyapokea kwa heshima bila kuyategemea.

Ya pili ni Fluke 101. Nililipa shilingi 7,500, baada ya mabishano marefu na muuzaji na mafupi zaidi na nafsi yangu. Ni ndogo kuliko nilivyotarajia, inajaa kiganjani, na ganda lake lina uzito wa kitu kilichofungwa vizuri. Imeandikwa CAT III 600V. Inachagua kipimo yenyewe, kwa hiyo ile hadithi ya tarakimu 1 haipo tena. Ukigusa volti 240 inaandika 240 na ukigusa betri ya volti moja na nusu inaandika hivyo. Inatumia betri mbili za AAA, zinazopatikana katika kila kioski, badala ya ile ya volti 9 ambayo huisha wakati maduka yamefungwa. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika, kwa kuwa mita ya manjano betri yake ikichoka huanza kusoma juu, nawe hujui.

Kinachowashangaza watu ninapowaonyesha ni kwamba ina matundu mawili tu. Fluke 101 haipimi ampea kabisa. Muuzaji aliliona hilo kuwa aibu ya kifaa, akataka kunipandisha hadi ndugu yake, Fluke 107, ambayo ina tundu la tatu na taa ya kioo. Mimi niliona kwamba hilo hasa ndilo nililolitafuta. Mita isiyo na tundu la ampea haiwezi kuachwa na kijiti katika tundu la ampea. Kosa nililolifanya jikoni kwangu, na ambalo nadhani ndilo linaloharibu mita nyingi kuliko yote, kwa kifaa hiki halifanyiki hata ukiwa umechoka, hata kukiwa na giza, hata ukiwa umetoka Kitui.

Na ukitaka kujua ampea za nyumbani, multimita ya vijiti si njia yake hata kidogo. Shawa ya umeme ya wati 5,400 inavuta ampea 22.5 katika volti 240. Tundu la 10A lingefanya nini hapo? Kwa kazi hiyo ipo mita ya koleo, inayouzunguka waya kwa nje bila kuukata wala kuugusa.

Vijiti vya mita hizi mbili ukiviweka sambamba utaona tofauti kabla ya kusoma neno lolote. Vya mita ya manjano vina ncha zilizo wazi kwa karibu sentimita mbili, bila ukingo wa kuzuia kidole kisiteleze, na waya wake ni mwembamba na mgumu. Nilipoukunja baridi ya Julai ulitoa mpasuko karibu na shingo. Vya pili vina ukingo mpana wa kidole, waya laini unaolala, na vifuniko vinavyoacha milimita chache tu za ncha. Kiwango kinadai ncha za CAT III zisiwe wazi kwa zaidi ya milimita 4, na ukishakuwa mbele ya kisanduku cha breka ambamo skrubu ya moto na ya nyutro zinakaribiana, utaelewa kwa nini.

Sasa nieleze ninavyoitumia. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliyeitwa kurekebisha soketi yangu, mzee wa makamo asiyependa maneno, alinitazama nikishika kijiti kwa kila mkono akasema, "Kijana wangu, mkono mmoja utie mfukoni." Nilidhani ananitania. "Stima ikiingia kwa mkono huu ikitokea kwa ule, imepita wapi?" Nilijibu, "Kifuani, mzee." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo, pale inapowezekana, kijiti cheusi kina kibano cha mamba, hukibana kwanza upande wa nyutro au wa athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) umeme ukiwa umezimwa, kisha umeme ukirudishwa hushika kile chekundu kwa mkono mmoja. Wakati wa kuondoka, chekundu hutoka kwanza.

Jambo la pili alilonifundisha ni utaratibu wa hatua tatu. Kabla ya kuushika waya unaodhaniwa umekufa, unaipima kwanza sehemu unayojua ina umeme, unahakikisha mita inasoma. Unaupima waya wenyewe, mita inasoma sifuri. Kisha unarudi kwenye ile sehemu ya kwanza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayothibitisha kwamba sifuri uliyoiona haikutokana na betri iliyokufa au waya wa kijiti uliokatika ndani ya ganda lake. Kitufe hakizungushwi vijiti vikiwa vimegusa umeme, na kipimo cha omu au cha mlio (kile kinacholia waya ukiwa haujakatika) hakiwekwi kamwe kwenye waya wenye moto.

Soketi zetu za pini tatu bapa zina vijilango ndani, na katika nyingi vijilango hivyo hufunguliwa na pini ndefu ya juu, ile ya athi. Kwa hiyo vijiti haviingii mpaka kitu kiingizwe juu. Wengi hutia bisibisi, na hilo silipendi, kwa kuwa soketi iliyofungwa vibaya inaweza kuwa na moto hata katika tundu hilo, na bisibisi ni chuma. Kwa asiye fundi, kuna plagi ya kupimia yenye taa tatu inayochomekwa kama chaja na kuonyesha kama nyaya zimepangwa sawa. Ni kifaa cha bei nafuu na hakihitaji kuchokoa chochote. Nami huanza nayo. Multimita hufuata pale taa zinapoonyesha kasoro ninayotaka kuielewa.

Ukiitazama soketi usoni, moto uko kulia, nyutro kushoto, athi juu. Kati ya moto na nyutro tarajia karibu 240. Kati ya moto na athi, karibu hiyo hiyo. Kati ya nyutro na athi, volti chache tu. Ikiwa kati ya nyutro na athi unapata 240, basi moto na nyutro zimebadilishana. Ikiwa moto na nyutro zinatoa 240 lakini moto na athi hazitoi kitu cha maana, athi haipo, na katika nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi hilo ndilo utakalolikuta: pini ya tatu ipo, waya wake haupo.

Ndivyo tulivyokuta kwa jirani yetu wa orofa ya nne, aliyelalamika kwamba bomba la bafuni "linamuuma" kila akioga. Mwenye nyumba alimwambia ni baridi. Nilibana kijiti cheusi kwenye athi ya soketi ya chumbani, ambayo kwa bahati ilikuwa nzima, kwa waya mrefu, nikagusa bomba kwa kijiti chekundu shawa ikiwa imewashwa na bafu likiwa kavu: volti 87. Shawa ilipozimwa kwa swichi yake ya ukutani, kioo kikashuka hadi sifuri. Tulimwita yule yule mzee. Alizima swichi kuu, akapima kwa hatua zake tatu, akafungua shawa, akatuonyesha waya wa kijani na manjano uliokatwa na kuvingirishwa tepu, kwa sababu aliyeifunga aliuona hauna kazi. Ngozi iliyolowa ina ukinzani wa karibu omu 1,000. Hesabu ya volti 87 inatoa miliampea 87, wakati breka ya kulinda watu, ile inayohisi umeme unaovuja, hukata kwenye 30. Jengo letu halikuwa nayo.

Fluke 101 ina mambo yanayohitaji kuzoewa. Kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, zaidi ya omu milioni 10, inaona hata volti ambazo hazina nguvu. Nilipima waya wa taa ya varanda swichi ikiwa imezimwa, nikasoma 64. Waya huo ulikuwa umepita katika bomba moja na waya wa moto kwa mita nyingi, na nyaya mbili zikikaa sambamba hivyo, moja humpa jirani yake umeme kidogo bila kugusana. Nilipounganisha balbu ya zamani ya wati 60 kwenye waya huo, kipimo kilianguka hadi sifuri. Kichekesho ni kwamba mita ya manjano, yenye ukinzani mdogo, ilisoma karibu na ukweli zaidi. Zipo mita ghali zenye kipimo maalumu cha ukinzani mdogo kwa ajili ya volti hizi za uongo, na hii haimo miongoni mwao. Volti ya uongo, hata hivyo, hainipi ruhusa ya kushika waya; huniambia tu nitafute swichi kuu.

Pia haisomi sawasawa wimbi lisilo la kawaida. Inverta za bei nafuu tunazozitumia stima ikipotea hutoa wimbi la ngazi, na mita inayokokotoa kwa wastani, kama hii, itaandika karibu 190 mahali ambapo umeme halisi ni 240. Mwenzangu alikuwa amekaribia kuirudisha inverta nzima dukani kwa kosa la mita. Isitoshe kioo hakina taa, na visanduku vya breka katika majengo yetu hupendwa kuwekwa nyuma ya mlango, kwenye giza.

Kwa anayekwenda Luthuli: mita za majina makubwa huigwa, kwa hiyo mweleze muuzaji aandike namba ya mfululizo kwenye risiti, tazama kama maandishi ya mgongoni ni makali, na bei ikiwa ya ajabu, iulize kwa nini. Kama shilingi 7,500 ni nyingi, na kwa wengi ni nyingi, basi mpangaji anayetaka tu kujua kama nyaya za soketi zimepangwa sawa atosheke na ile plagi ya taa tatu, na mengine amwachie fundi mwenye leseni. Bisibisi ya testa yenye kijitaa siipendekezi kwa maamuzi yoyote ya kushika waya: ili iwake, umeme hupita katika mwili wako mwenyewe, na juani huwezi kuona kama imewaka au haikuwaka.

Mita ya manjano sikuitupa. Niliuunganisha tena ule mstari wa shaba kwa risasi ya kuchomelea, nikanunua vijiti vipya, na tundu la 10A nikaliziba kwa gundi ya araldite. Iko katika droo ya redio na betri, na juu yake nimebandika karatasi inayosema isikaribie ukuta.